Nani Alikamua Ng'ombe?

Kwa aliyefungia maandazi gazeti la wiki iliyopita kabla hajalisoma, nitamrudisha njiani kwa maneno machache.

Nkamasiai ni binti wa Kimaasai kutoka Simanjiro, mwanafunzi wa stashahada ya mifugo katika chuo kimoja hapa Babati mjini. Alikwenda fildi kwa miguu yake, akaandika ripoti iliyomtoa jasho. Damiani, kiongozi wa darasa lao, akaipata kwa mlango asioujua mtu, akaipachika jina lake na kuiwahisha ofisini. Nkamasiai alipopeleka ya kwake kesho yake, zikakutwa zinafanana neno kwa neno. Pale chuoni, ripoti inayotangulia ndiyo yenye baba. Inayofuata ni ya mwizi.

Akapewa sifuri. Akaambiwa pia kwamba sifuri ya pili ya namna hiyo haina mjadala. Ni kudisko, yaani kufukuzwa chuo na kufungasha virago.

Aliyempa sifuri hiyo ni Mwalimu Tingisha, Mmaasai mwenzake kutoka Kiteto. Alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia kwa Kimaasai ili iingie vizuri kwamba amewatia aibu wote waliotoka bomani kuja kusoma. Nkamasiai alilia hadi kamasi. Sifuri angeivumilia, lakini maneno yale hakuweza kuyameza.

Na Damiani je? Damiani aliituma ripoti ile ile kwenye kundi lao la WhatsApp, akaandika juu yake kwamba ni mfano kwa wanaojifunza kuandika. Akamalizia na stika ya mzee anayecheka mpaka meno yanadondoka. Darasa zima likacheka naye. Tulimwacha Nkamasiai ameshika simu, anawahesabu waliocheka mmoja mmoja.

Sasa sikilizeni alichokifanya.

Kwanza mlijue kundi lenyewe. Linaitwa Familia ya Mifugo, na wamo wanafunzi wote wa mwaka wao isipokuwa walimu. Kazi ikitolewa darasani, mmoja anaifanya na kuitupa kundini. Waliobaki wanabadilisha jina, wanageuza sentensi mbili za mwanzo, kisha wanakwenda steshenari kuchapisha. Wenyewe wanaita kudesa, na anayefanya kazi yake mwenyewe huonekana mshamba asiye na bando.

Kundi lina sheria moja tu. Halitajwi mbele ya mwalimu, liwake jua inyeshe mvua. Atakayelitaja atawapeleka wote kwenye kamati ya nidhamu, na yeye akiwa wa mbele. Watu wameshakula sifuri zao kimya kimya wakiogopa kulitaja.

Basi Mwalimu Tingisha akatoa kazi mpya. Kila mmoja akalale kwenye boma la wafugaji, aandike jinsi kazi za mifugo zinavyogawanywa nyumbani kuanzia alfajiri, kisha arudi kuisoma mbele ya darasa. Darasa likaguna. Nani aache kitanda chake hapa mjini Bagara akalale na mbu na harufu ya samadi? Kundini wakaanza kutafuta mtu mmoja wa kwenda kwa niaba ya wote, wamchangie nauli.

Nkamasiai akaandika kwamba yeye anakwenda nyumbani kwao na atawaletea.

Maua na mioyo vikamiminika. Damiani mwenyewe akaandika kwamba huo ndio uungwana, yaliyopita si ndwele, wagange yajayo.

Msemo huo mzuri sana, lakini mmewahi kuona unasemwa na nani? Husemwa na aliyetenda. Aliyetendewa bado anatafuta dawa ya ndwele yake.

Kwa kweli Nkamasiai aliondoka Babati bila mpango. Alikuwa na hasira tu, na hasira si mpango. Alipanda basi hadi Arusha, akaunga na gari la watu wa mnada, akafika kwao amechoka na vumbi hadi kwenye kope. Mpango ulimkuta zizini asubuhi yake.

Mama yake alikuwa amechuchumaa kwenye ng'ombe, kibuyu mkononi, anakamua. Wake wengine wa boma nao wanakamua. Mzee Sabore, baba yake Nkamasiai, akaja anauliza chai yake mbona imechelewa. Mama akamjibu bila kugeuka kwamba siku hizi wasomi wameleta haki sawa, hivyo ashike kibuyu akamue mwenyewe.

Wanawake walicheka mpaka ng'ombe mmoja akashtuka na kupiga teke. Mzee alicheka pia, akaondoka akitikisa kichwa. Asiyewajua hawa watu hataona cha kuchekesha hapo. Kwa Wamaasai kukamua ni kazi ya wanawake. Mwanaume anaweza kukaa na njaa yake pembeni ya ng'ombe aliyejaa maziwa, akasubiri mke au binti aje. Mzee kama Sabore kushika chuchu ya ng'ombe ni kichekesho cha kusimuliwa hadi kwenye harusi.

Nkamasiai alicheka pamoja nao. Halafu akaacha kucheka.

Alimkumbuka Damiani. Kwao Bagara baba yake anafuga ng'ombe wa kisasa, wawili, ndani ya banda la mabati nyuma ya nyumba. Damiani ndiye anayewakamua kila asubuhi kabla ya kuja darasani. Kwa Damiani mwanaume kukamua ni jambo la kawaida kama kufunga kamba za viatu. Ukimwambia wanaume wa Simanjiro wanakamua, atauliza wanatumia ndoo au kibuyu. Na darasa zima limelelewa hivyo hivyo, wengine hawajui hata maziwa yanatokea upande gani.

Lakini Mwalimu Tingisha amezaliwa bomani.

Basi binti akaandika ripoti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kweli, yenye mama yake ndani yake, kibuyu kinachofukizwa moshi wa mti, ndama anayeachiwa chuchu zake, na maziwa ya wageni yanayowekwa pembeni. Hiyo ilikuwa ya Mwalimu Tingisha. Alitaka aisome, ajue alimtukana nani siku ile ofisini.

Ya pili aliiandika kwa Kiswahili cha kitabu, bila hata tabasamu. "Alfajiri wanaume wa boma huingia zizini na vibuyu vyao. Mzee wa boma hukamua kwanza, kisha vijana wake hufuata kwa umri. Wanawake hubaki ndani wakisubiri kuletewa maziwa."

Aliisoma akaona ni tamu kabisa. Alipofika Babati akaituma kundini mchana kweupe, Ijumaa, ili watu wapate siku za kutosha za kudesa. Damiani akamjibu kwa ujumbe wa sauti kwamba yeye ni mama wa darasa.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Nkamasiai hakutaka aumie. Huyo ni Rahma.

Nkamasiai amepanga chumba cha uani kule Nakwa, nyumbani kwa Mzee Rehani, muuza vitenge wa sokoni. Rahma ni binti wa nyumba hiyo na wanasoma darasa moja. Wanakula sinia moja, na Rahma akigombana na mama yake huhamia chumbani kwa Nkamasiai. Siku ya ile sifuri, Rahma ndiye aliyemfuta machozi. Mzee Rehani ndiye aliyemkataza binti yake kwenda kulala maboma ya watu asiowajua, akamweka dukani kupima vitambaa.

Jioni ile Nkamasiai akamwambia, "Shosti, ile ripoti ya kundini usiiguse. Andika yako."

"Ina nini?"

"Usiniulize. We usiiguse tu."

Rahma akasema sawa. Nkamasiai akachukua ndoo yake akaenda kuoga, roho imetulia. Hakujiuliza mtu aliyeshinda dukani wiki nzima ataandika yake kutoka wapi. Mwenye kisasi huwa hana nafasi ya kujiuliza mambo madogo.

Siku ya kusoma ikafika. Darasa likajaa, wamechomekea, kila mmoja na nakala yake. Walisimama wakamwamkia mwalimu, akaitikia, akakaa pembeni ya meza akiwa na rundo zima mbele yake. Akasema kiongozi wa darasa aanze.

Damiani alisoma vizuri, nisimnyime haki yake. Ana sauti ya kutangaza magazeti. Alisoma jinsi alivyopokelewa, jinsi alivyolala juu ya ngozi, kisha akaingia zizini na wale wazee wake wenye vibuyu. Mwalimu Tingisha akainua mkono.

"Hapo rudia. Nani alikamua ng'ombe?"

"Wanaume, mwalimu."

"Uliwaona?"

"Kwa macho yangu. Hata mimi nilisaidia kidogo, mwalimu. Walifurahi sana."

Hilo la kusaidia halikuwamo kwenye ripoti. Nkamasiai hakuliandika, Damiani alijiongezea mwenyewe kwa raha zake. Kuna watu ukiwachimbia shimo la magoti wao wenyewe hulichimba likafika kifuani.

Mwalimu akasema taratibu kwamba baba yake mzazi amekufa mzee wa meno mawili na hajawahi kushika chuchu ya ng'ombe. Kwamba babu yake alikuwa hivyo, na boma lote la jirani lilikuwa hivyo. Akamwomba Damiani amtajie boma hilo la ajabu ili naye akatembee alione. Damiani akaanza kugeuza kurasa za nakala yake, kama vile jina la boma limeandikwa humo.

Mwalimu akaanza kupekua rundo. Akasoma jina, kisha mstari, jina, kisha mstari. Marseli, wanaume walikamua. Sabaha, wanaume walikamua. Xaveria, wanaume walikamua, na Xaveria hakubadilisha hata zile sentensi mbili za mwanzo. Kila aliyetajwa alishusha kichwa. Hakuna aliyesema ripoti imetoka wapi, maana kulitaja kundi ni kudisko na sifuri ni sifuri tu. Nkamasiai alikuwa ameitegemea sheria hiyo kuliko kitu kingine chochote.

Akawapa sifuri wote. Uongozi wa darasa akamvua Damiani pale pale, mbele ya waliomchagua.

Nkamasiai alisikia raha. Siyo raha ya kistaarabu, hapana, alisikia ile raha ya kumwona aliyekucheka anatafuta pa kuweka uso. Alimtazama Damiani mpaka Damiani akamtazama. Hapo jamaa akaelewa. Macho yake yalisema yote, na Nkamasiai akamwonyesha meno kidogo, vile vile kama ile stika yake. Moyoni akajiambia siku za mwizi zimetimia.

Sasa nani aliwahi kuona furaha ya namna hiyo ikafika jioni?

Mwalimu Tingisha alikuwa amebakiwa na ripoti mbili mkononi. Akasema kwamba katika darasa zima ni mbili tu zilizoandika kweli. Zinaeleza mwanamke mmoja, kibuyu kimoja, hata mzaha mmoja wa chai iliyochelewa. Zinafanana neno kwa neno. Iliyotangulia kufika ofisini ni ya Rahma Rehani. Iliyofuata ni ya Nkamasiai Sabore.

Darasa likageuka lote.

Nkamasiai hakuelewa mara moja. Alimtazama Rahma, na Rahma alikuwa anatazama vidole vyake. Ndipo akakumbuka ile ndoo ya maji, na simu aliyoiacha kitandani, na namba ya siri ambayo Rahma anaijua kama jina la mama yake. Kisha, kama mtu anayevuta uzi na nguo nzima inakuja, akafika kwenye ile ripoti ya kwanza. Damiani aliipata kwa mlango gani? Mlango ulikuwa unalala kitanda kimoja na yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, tulifundishwa wote shuleni, tukapata vema, tukasahau.

Kumbe aliyemwangusha alimfuta machozi kwa mkono ule ule.

Sifuri ya pili ilikuwa imesimama mbele yake na ilikuwa na jina lake. Akasimama. Alisema kwamba yule mwanamke anayekamua ni mama yake mzazi, na mwalimu akitaka apigiwe simu sasa hivi aulizwe nani alikuwepo zizini asubuhi ile.

Mwalimu akamgeukia Rahma, akamuuliza alilala boma la nani.

Damiani angejibu. Angetaja boma, mzee wake, na ng'ombe mwenye pembe moja. Rahma si mtu wa hivyo. Alisimama, akajishika kwenye meza, akasema kwa sauti ndogo, "Sikwenda, mwalimu. Nilimwibia Nkamasiai. Sikuwa na cha kuandika, na baba hakuniruhusu."

Wapo walioanza kumwonea huruma. Mwalimu naye akashusha pumzi, akachukua kalamu, akaiweka ripoti ya Nkamasiai upande wake peke yake. Mambo yalikuwa yamekwisha. Jina la binti limesafishwa, adui yake yuko chini, mwizi amekiri kwa mdomo wake. Mtu mwenye akili angekaa.

Nkamasiai hakukaa. Alitaka na ile ya kwanza. Alitaka yale maneno ya ofisini yarudi yalikotoka, na alitaka Rahma aumie vile alivyoumia yeye, hadharani, wote wakisikia.

"Mwalimu," akasema, "muulize na ile ripoti ya kwanza. Muulize nani alimpa Damiani."

Rahma akaanza kulia. Alisema ni yeye. Alisema Damiani alimwomba aiangalie tu mpangilio wake, naye akamtumia kwa kuwa alikuwa anampenda. Hakujua kama angeiwasilisha. Alipojua aliogopa kusema, na kila siku iliyopita ikazidi kuwa ngumu.

"Na alivyoituma kundini akimcheka mwenzangu," akasema, "mimi sikulala."

Nafikiri hakusikia alichokisema. Wengine walisikia. Marseli aliyekuwa anachezea kalamu aliiacha ikaanguka.

Mwalimu Tingisha akauliza, "Kundi gani?"

Rahma akajiziba mdomo. Akamtazama Nkamasiai, na katika macho yake hapakuwa na hila yoyote, palikuwa na hofu. Alikuwa amezisoma ripoti zote mbili. Alijua kilicholala ndani ya kundi lile na kilitumwa na nani.

Mwalimu hakumsubiri. Alimwendea Nkamasiai, akasimama mbele yake, na safari hii hakutumia Kimaasai. Alitumia Kiswahili ili wote wasikie.

"Nilikuhukumu vibaya. Nilikuambia maneno ambayo mzazi hamwambii mtoto. Nisamehe, binti yangu."

Maneno hayo Nkamasiai alikuwa ameyasubiri kila alipolala na kila alipoamka. Yalipokuja alishindwa hata kuyapokea.

"Humu ndani ninayemwamini sasa ni wewe peke yako," mwalimu akaendelea. "Niambie. Wewe upo kwenye hilo kundi?"

Angesema ndiyo, angeombwa simu. Kwenye simu kuna ripoti ya wazee wanaokamua, imetoka kwenye namba yake, ina jina lake juu. Mtu aliyewaandikia wenzake uongo makusudi ili wafeli, akautia uongo huo vinywani mwa wazee wake mwenyewe, anaitwa nani mbele ya kamati?

"Hapana, mwalimu," akasema. "Simo."

Kule nyuma kiti kikasogezwa.

"Yumo," alisema Damiani.

Alikuwa amesimama. Yule mtu wa sauti ya kutangaza magazeti sasa alizungumza polepole, na alionekana ametulia. Alisema kwamba kundi linaitwa Familia ya Mifugo, kwamba yeye ndiye aliyelifungua, na kwamba anajua kabisa kulitaja ni kujifukuzisha. Xaveria alimvuta shati akae. Akautoa mkono wa Xaveria.

"Nikienda, naye anakwenda," akasema. "Ripoti niliyosoma leo imetoka kwake. Hata hizi zote. Ametuandikia yeye."

Akapita katikati ya madawati, akaifungua simu yake, akaiweka mezani juu ya rundo la sifuri. Hakumtazama mwalimu. Alimtazama Nkamasiai, akamwonyesha meno kidogo.

Mwalimu Tingisha hakuishika simu. Aliiacha pale, taa yake ikiwaka, akabaki anamtazama binti ambaye yeye mwenyewe ametoka kumwomba msamaha mbele ya watu wote.

"Nkamasiai," akasema, "niisome, au utaniambia mwenyewe?"

Darasa zima lilikuwa linasubiri jibu lake, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemwonea huruma isipokuwa Rahma.